Jozi Vikombe Viwili

Niliandika: jozi, vikombe viwili.
Sikuandika karanga.
Eteri wa ghorofa ya nne ametia karanga,
tena za pakiti, za chumvi,
kisha kanisimamisha kwenye ngazi, mfuko wa viazi mkononi:
"Nanuli, ule mchuzi wako, samahani,
mzito kama gundi."
Wangu?
Wangu kwa lipi, Eteri?

Niliandika: kuku mmoja, mnene.
Bwana Vazha hali nyama tangu daktari amtishe,
akaweka biringani. Haya.
Biringani lina adabu, hunyonya linachopewa.
Lakini siki akaibadili kwa limau,
limau kwa maji ya matango ya chupa,
na uwatu akauacha kabisa, kwa kuwa mkewe
anasema unanuka kwapa la seremala.
Akaniletea kibakuli nionje.
Nikaonja.
Kilikuwa kitamu, Mungu anisamehe,
nikamwambia chumvi imepungua.

Maka wa chini, aliyehamia Agosti
na mtoto asiyejua usiku,
alipanda kuuliza:
"Hapa, kitunguu saumu kiasi.
Kiasi ndiyo ngapi?"
Nilicheka. Alipoondoka nikakaa kitandani.
Kiasi ndiyo ngapi?
Mkono unajua, mimi sijui.
Ikabidi niuvizie mkono wangu kama mwizi,
nihesabu anachochukua:
punje tatu. Siku ya baridi kali, nne.
Nikampelekea jibu. Akatia kumi na moja.
Jengo zima tulilala madirisha wazi,
Kutaisi, Januari,
theluji ikiingia hadi kwenye zulia.

Basi nikaapa: karatasi hii haitoki tena.
Nikaivuta drooni niifiche mahali pengine.
Imelowa mafuta mpaka inaangaza,
na chini ya wino wangu kuna penseli,
mwandiko wa Domnika, mama mkwe,
herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa.

Maji ya komamanga, nusu kikombe.
Hapo nilipiga mstari, nikaandika siki.
Maua ya manjano yaliyokaushwa, kijiko.
Mstari. Yalinipigisha chafya.
Na jozi:
ule wino wangu mnene, vikombe viwili,
umekaa juu ya tatu yake.

Ulikuwa mwaka wa giza. Umeme haukuja,
mume alitoka saa tisa usiku kupanga foleni ya mkate.
Kikombe cha tatu nilikipeleka sokoni
nikarudi na mishumaa sita.
Pengo nikaliziba kwa mkate mkavu,
nikasaga, nikachuja, nikanyamaza.
Domnika alikula hadi akapangusa sahani.
Akasema, "Leo umepika wa kwenu."
Miaka thelathini naligeuza neno lile,
sijajua upande wa juu ni upi.

Usiku huu nimeshusha pazia.
Nina pakiti ya karanga, nimeinunua mtaa wa mbali
kwa muuzaji asiyenijua.
Nimeziosha chumvi, nimezikausha kwa taulo,
natwanga taratibu, nimeweka blanketi chini ya kinu,
maana Eteri ana masikio ya paka.

Kweli ni gundi.
Hapo hakusema uongo.
Lakini ukiongeza maji vuguvugu, kidogo, kidogo tena,
halafu siki,
halafu uwatu (na mke wa Vazha azibe pua),
kuna mahali panapolegea ghafla,
kijiko kinateleza, na ile harufu
si ya nyumba yangu, si ya nyumba ya mtu ninayemjua,
nami nimesimama jikoni na soksi,
nakula kwa kidole.

Natafuta kalamu.
Ukingoni hapana nafasi, mistari imebanana
kama watu kwenye lifti.
Nageuza. Nyuma ni kalenda,
mwezi wa Machi wa nchi isiyokuwepo tena.
Naandika juu ya Jumanne:
karanga. Zioshwe kwanza.
Kiasi
nakifuta. Naanza kuhesabu.